Kipimo cha Mimba Hakipimi Nguvu ya Mimba

Kuna maneno yanayosemwa kwa uhakika mkubwa kila kinapotajwa kipimo cha mimba, na utayasikia Ngarambe, Utete, Ikwiriri, Kibiti na visiwani kwenye delta ya Mto Rufiji. Mstari ukikolea, mimba imeshika na ina nguvu. Ukififia, mimba haijashika, au imeshika vibaya na itatoka. Wengine huongeza ya kwao: umekolea mno, basi ni mapacha, umekolea mapema, basi mimba ni kubwa kuliko mwenyewe anavyosema. Na asidhani mtu kwamba haya ni ya kijijini tu. Dar es Salaam wapo wanawake wasomi wanaopima kila asubuhi kwa wiki nzima, wanavipiga picha vipimo vyao, wanavipanga kwa safu na kutazama kama wekundu wa leo umeupita wa jana. Muuza dawa anayasema, shangazi anayasema, na baadhi ya wahudumu wa afya nao wanayasema.

Mimi nasema si kweli. Tena nasema kwamba mahali ambapo hospitali iko mbali, imani hii inaweza kumuua mtu.

Ngarambe nimeitaja makusudi. Hiki ndicho kijiji cha Rufiji ambako watu walimiminika kwa mganga Kinjikitile Ngwale kuchukua maji ya dawa kabla Vita vya Maji Maji havijalipuka mwaka 1905. Leo kinapakana na pori, na pamoja na jirani zao wa Tapika wanakijiji wanaendesha jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori iitwayo MUNGATA. Hospitali ya wilaya iko Utete. Mwanamke wa Upanga, Dar es Salaam, akisoma mstari wake vibaya, atapata wa kumsahihisha kabla jua halijazama. Wa Ngarambe akiusoma vibaya, kuna barabara ya vumbi, kuna masika, kuna usiku na tembo. Kwa hiyo maneno tunayompa pamoja na kipimo yana uzito kuliko tunavyofikiri.

Tuanze na kilichomo ndani ya ule ukanda wa kipimo. Yai lililorutubishwa hujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi kati ya siku 6 na 12 baada ya yai kupevuka, na hapo chembechembe zitakazokuja kuwa kondo la nyuma huanza kutoa homoni iitwayo hCG. Homoni huingia kwenye damu, kisha kwenye mkojo. Ukanda una kingamwili za aina mbili zinazoitambua. Za kwanza hazijafungwa mahali, zinasafiri na mkojo, na zimebeba vichembe vidogo mno vya dhahabu. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho huonekana nyekundu au zambarau, na hiyo ndiyo rangi tunayobishania. Za pili zimegandishwa pale kwenye alama ya T. Homoni ikidakwa upande mmoja na kingamwili yenye dhahabu, na upande wa pili na kingamwili iliyogandishwa, rangi inabaki pale na mstari unaonekana. Ule mwingine, wa C, hauhusiani na mimba kabisa. Unasema tu kwamba mkojo umepita na kipimo kinafanya kazi.

Waliotengeneza ukanda huu walikusudia ujibu swali moja: homoni imefika kiwango fulani au haijafika? Kwa vipimo vingi kiwango hicho ni miliyuniti 25 kwa kila mililita ya mkojo. Maelezo yanayokuja na boksi husema waziwazi kwamba wekundu wowote kwenye T, hata uwe hafifu namna gani, ni jibu la ndiyo. Basi. Hakuna mahali mtengenezaji alipoandika kwamba wekundu mzito ni ndiyo kubwa na mwepesi ni ndiyo ndogo. Sisi ndio tuliozua daraja hizo. Na kwa historia ya vipimo hivi, daraja hizo ni ngeni. Katika miaka ya 1930 mkojo wa mwanamke wa Ulaya ulidungwa kwa chura aliyetolewa Afrika Kusini, na chura akitaga mayai, mwanamke ana mimba. Ama alitaga, ama hakutaga. Vipimo vya kwanza vya nyumbani vilivyouzwa Marekani katika miaka ya 1970 vilikuwa vya chupa ya kioo, na mtu alitafuta duara la rangi chini yake. Mstari tuujuao ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, na ulipokuja tu, macho ya watu yakaanza kupima kitu ambacho kipimo chenyewe hakikuahidi kukipima.

Watetezi wa mstari wana hoja, na sitaki kujifanya sijaisikia. Wanasema: lakini homoni huongezeka kadiri mimba inavyokua, na homoni ikiongezeka mstari lazima ukolee, kwa hiyo rangi inatuambia jambo. Nusu ya kwanza ni kweli. Katika wiki za mwanzo hCG kwenye damu hupanda upesi, mara nyingi ikikaribia maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Ndiyo maana anayepata mstari hafifu siku moja baada ya kukosa hedhi kwa kawaida ataona mstari mzito wiki moja baadaye.

Nusu ya pili ndiyo inayoporomoka. Majedwali yanayotumiwa hospitalini, yanayohesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huonyesha kwamba katika wiki ya 5 homoni kwenye damu inaweza kuwa 18, na inaweza kuwa zaidi ya 7,000. Wiki ya 6 inaweza kuwa 1,080 kwa mmoja na 56,500 kwa mwingine. Hebu yapime maneno hayo. Mwanamke wa wiki ya 5 anaweza kuwa na homoni zaidi ya mara sita ya mwenzake wa wiki ya 6, na wote wawili wakajifungua watoto wazima. Ukipewa rangi tu, kwa kipimo gani utasema nani ana mimba kubwa na nani ndogo, ya nani ina nguvu na ya nani imelegea? Tena rangi ina kikomo. Kingamwili zilizogandishwa kwenye T zina idadi yake. Zikishajaa, mstari hauwezi kukolea tena hata homoni ipande mara kumi. Kwa hiyo anayeona mstari "umekolea kabisa" wiki ya 5 na wiki ya 8 anatazama ukanda ulioshiba, na ukanda ulioshiba hauna habari mpya.

Halafu kuna mkojo wenyewe. Mama aliyetoka shambani akanywa vikombe vitatu vya maji kisha akapima mchana atapata mstari mwepesi kuliko wa mkojo wake wa kwanza wa asubuhi. Mimba ni ile ile, siku ni ile ile. Kuna joto pia: pakiti huandikwa kwamba vipimo vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30, na anayeijua Rufiji anajua jinsi duka la bati linavyokuwa saa nane mchana. Kuna unyevu unaoingia pakiti ikishafunguliwa. Kuna tofauti za kiwandani, hata kati ya kanda mbili zilizotoka boksi moja. Na kuna suala la muda, ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Kipimo husomwa ndani ya dakika chache zilizoandikwa, kwa kawaida 3 hadi 5, na baada ya dakika 10 hakisomwi tena, kwa sababu mkojo ukikauka unaweza kuacha kivuli cha kijivu pale penye T. Wapo waliokitupa kipimo asubuhi kikiwa na mstari mmoja, wakakiokota jioni, wakaona "mstari hafifu", wakaanza kuhesabu miezi.

Mkanganyiko mwingine unatokana na vipimo vya kutafuta siku za hatari, vile vinavyopima kupevuka kwa yai. Vinafanana na vya mimba kwa umbo, lakini kwenye vipimo hivyo vya yai kulinganisha ni sahihi: mstari wa T sharti ulingane na wa C au uuzidi ndipo jibu liwe ndiyo. Aliyejifunza kusoma kimoja anahamishia kanuni kwenye kingine, anamwambia mwenzake, "Wako haujafikia wa C, bado." Kwenye kipimo cha mimba hakuna kufikia.

Kama rangi ingekuwa inadanganya upande mmoja tu, ningeweza kuivumilia. Inadanganya pande zote mbili, na mfano mkali ni mimba zabibu. Hapo kondo hukua ovyo, mfuko hujaa vishada vya malengelenge, na hCG hupanda kufikia viwango ambavyo mimba ya kawaida haivifikii. Kwa mantiki ya mstari, huyu ndiye angekuwa na wekundu kuliko wote. Mara nyingine hutokea kinyume chake: mstari unafifia, au hauonekani kabisa. Homoni zinapozidi mno, kila moja hudaka kingamwili yake peke yake, nyingine zikikaa kwenye T bila dhahabu, nyingine zikibaki na dhahabu bila pa kukaa. Fikiria bandari ya Nyamisati ikiwa gati limejaa watu waliofika kwa miguu. Boti zinazokuja na abiria zinakosa pa kufunga na zinapita. Dhahabu nayo inapita hivyo hivyo, na T inabaki nyeupe. Mkojo ule ule ukichanganywa na maji, mstari hurudi. Sasa mchukue mwanamke ambaye tumbo lake limekua kuliko miezi yake, anatapika bila kupumzika, anatoka damu, na kipimo chake kina kimstari cha kubahatisha. Mshauri wa rangi atamwambia mimba yake ni dhaifu. Anachohitaji ni utrasaundi, kusafishwa hospitalini, na kufuatiliwa homoni hadi ipotee kabisa, kwa sababu mimba zabibu nyingine hugeuka saratani. Saratani hiyo hutibika kwa dawa ikiwahiwa.

Lakini nitakaa zaidi kwenye mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, kwa kuwa hapa ndipo maneno "mimba imeshika vizuri" yanapokuwa ya hatari.

Katika kila mimba 100, moja au mbili hutunga nje, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 za namna hiyo hukaa kwenye mrija. Homoni haijui imetengenezewa wapi. Kondo lililojishikiza kwenye mrija linatoa hCG ile ile inayotolewa na lililojishikiza mahali pake, na ukanda unaipokea ile ile. Wakati mwingine homoni hupanda kwa kusuasua, mstari ukawa hafifu. Wakati mwingine hufika maelfu, mstari ukawa mwekundu kama wa mimba yoyote nzuri. Mrija hauna uwezo wa kutanuka kama mfuko wa uzazi. Mimba inaendelea kukua hadi mrija unapasuka, na damu inamiminikia tumboni, ndani kwa ndani, bila kuonekana nje ila tone mbili tatu.

Tumfuate mwanamke mmoja wa kufikirika, wa Ngarambe au wa Mbwera, haijalishi. Amekosa hedhi, amepima, mstari umekolea. Wakubwa wamefurahi na kumwambia imeshika barabara. Wiki mbili baadaye anapata maumivu upande mmoja chini ya kitovu. Angekuwa hajaambiwa kitu, pengine angeogopa na kwenda zahanati. Sasa ameshahakikishiwa. Maumivu yanaitwa chango, anachemshiwa mizizi. Anaona matone ya damu, anaambiwa wengine huona siku zao hata wakiwa na mimba. Siku ya tatu anasimama kwenda msalani, anaona giza, anaanguka, na anasema bega linamuuma, jambo linalowashangaza walio naye. Bega linauma kwa sababu damu iliyojaa tumboni inachokoza kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho hupeleka maumivu begani. Kuanzia hapo anahitaji upasuaji na damu, na anavihitaji upesi. Kama ni kisiwani, boti huenda ikasubiri maji yajae. Kama ni masika, tukumbuke Aprili 2024, Mto Rufiji ulipofurika na kuzingira vijiji vya Rufiji na Kibiti.

Wapo watakaosema nawatisha wajawazito, kwani si kila maumivu ya tumbo ni mimba ya nje. Kweli, mengi si hivyo. Ndiyo sababu maumivu yapelekwe kwa mtu mwenye uwezo wa kutofautisha, na ukanda hauna uwezo huo. Mwenye mimba changa akipata maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, kuzimia au damu, rangi ya mstari wake wa wiki iliyopita isiingie kwenye mazungumzo hata kidogo. Nchi sasa ina mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, wa kuwasafirisha wajawazito wenye dharura. Namba yake ni 115 na kupiga ni bure. Namba hiyo ijulikane kwa kila anayeuza kipimo.

"Mbona tunayoyasema huwa kweli?" Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa ukali zaidi, na linastahili jibu. Huwa kweli kwa sababu mimba nyingi hufika salama. Kati ya mimba 100 zilizokwisha kujulikana, 10 hadi 20 huharibika. Basi mtu akisimama njiani na kumwambia kila mjamzito apitaye, bila kuona kipimo chochote, "Yako ina nguvu," atapatia mara 80 hadi 90 katika kila 100 na ataitwa mjuzi. Na kwa wale wachache ambao utabiri wake ulikosea, watu watarudi nyuma kukumbuka kwamba hata mstari wao haukuwa umekolea sana. Kumbukumbu ni hodari wa kupaka rangi baada ya tukio.

Mwenye elimu atanijibu kwamba hata madaktari hufuatilia kupanda kwa hCG. Hufuatilia, ndiyo, lakini angalia wanavyofanya. Wanachukua damu, si mkojo. Wanapata tarakimu, si wekundu. Wanarudia baada ya saa 48, ikiwezekana kwenye maabara ile ile, na hata hapo hawahukumu kwa tarakimu moja bali huiweka pamoja na utrasaundi na hali ya mgonjwa. Kuchukua ukanda wa dukani na kuupa heshima ya uchunguzi huo ni kuupa kazi isiyo yake. Tena ukanda huendelea kusema ndiyo hata mimba ikishaharibika, kwa wiki kadhaa, kwa kuwa homoni huisha polepole. Mwanamke aliyetokwa na mimba juzi anaweza kuona mistari miwili iliyokolea leo, na aliyemzoesha kusoma nguvu kwenye rangi amemfundisha kungoja mtoto ambaye hayupo.

Mstari hafifu nao una wahanga wake. Muuza dawa akimwambia mteja "haijashika", mteja anatoka dukani akijiona hana mimba, na anaishi kama asiye nayo. Atakunywa dawa yoyote ya homa, na hapa kwetu homa ni nyingi. Atauziwa "dawa ya kusafisha kizazi" kwa sababu hedhi imechelewa. Atachelewa kliniki, wakati miongozo inamtaka ahudhurie kabla ya wiki ya 12 ili apimwe damu, apewe vidonge vya foliki na madini ya chuma, na apangiwe tarehe ya kuanza SP, dawa ya kumkinga na malaria isiyotolewa kabla ya wiki ya 13. Hayo yote yanasubiri kwa sababu wekundu wa T ulionekana mwembamba kuliko wa C.

Naja kwenye jambo ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha, nalo limevunja imani kwenye nyumba nyingi. Wanaume wa delta huenda dago, wanakaa huko wakivua, wanarudi. Mume amerudi, na wiki nne baada ya usiku wa kurudi kwake mke anapima na mstari unawaka. Watu wanasema mstari wa namna ile ni wa mimba ya siku nyingi. Anakwenda kliniki, nesi anaandika kwenye kadi: wiki 6. Mume anahesabu vidole. Wiki nne amekuwepo nyumbani, na kadi inasema sita. Hakuna mtu anayemweleza kwamba hospitali huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takriban wiki mbili kabla ya mimba kutungwa, kwa hiyo sita za kadi ni nne zake yeye. Mstari uliokolea umeshampa shaka, na kadi inaigeuza shaka kuwa ushahidi. Mke hana la kujitetea nalo, maana hata yeye anaamini mistari huonyesha umri. Natamani kila nesi anayejaza kadi ile aseme sentensi moja ya ziada, mume akiwepo, kuhusu wiki hizo mbili.

Ukanda unatumiwa kama shahidi mahali pengine pia, na huko anayehukumiwa ni mtoto. Kwa miaka mingi wasichana wa shule Tanzania walipimwa mimba kwa lazima, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Juni 2017, Bagamoyo, katika mkoa huu huu wa Pwani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba aliyepata mimba hatarudi shuleni. Novemba 2021 serikali ikabadili msimamo, na Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka huo ukafungua mlango wa kurejea. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaitaka Tanzania iache upimaji wa lazima. Hayo yalikuwa maamuzi ya haki. Lakini tabia ya kusoma mstari kama hati ya mashtaka haikufutwa na waraka. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na kwa kosa zito hivyo tarehe ya kutungwa mimba ni jambo la msingi. Bado utasikia mtu mzima akisema "mstari ulivyokolea, hii ni ya likizo ile," na hapo hapo ameshamtaja kijana au ameshamwondolea lawama mwanaume mwingine. Umri wa mimba changa hupatikana kwa tarehe ya hedhi na kwa utrasaundi ya mapema. Binti akiulizwa kwa upole na mtu anayemwamini, atasema mengi ambayo wekundu hautasema kamwe.

Wapo wanaoniambia niache watu na faraja yao, kwamba mwanamke aliyekaa miaka akitafuta mtoto ana haki ya kuufurahia mstari wake. Namtakia furaha hiyo kwa moyo wote. Mistari miwili inatosha kumfurahisha. Inayomwibia furaha ni hii kanuni yetu, inayomfanya apime tena kesho, na keshokutwa, akikodoa macho dirishani kutafuta wekundu, akilia kwa sababu mkojo wa leo ulikuwa na maji mengi.

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Vipimo hivi huja kwenye boksi la vipimo vingi, mara nyingi 50, na karatasi moja ya maelezo, tena ya Kiingereza, kisha vinauzwa kimoja kimoja. Mwanamke anatoka dukani na ukanda bila neno, na pengo hilo ndilo linalojazwa na maneno ya rangi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inaweza kumtaka kila mwagizaji aandike kwa Kiswahili nyuma ya kila pakiti: soma ndani ya dakika 5, mstari wowote kwenye T ni ndiyo, hata uwe hafifu, nenda kliniki, ukiwa na maumivu ya upande mmoja, damu au kizunguzungu, piga 115. Baraza la Famasi, linalosimamia maduka ya dawa muhimu, linaweza kuwafundisha wauzaji wake waseme hayo kwa mdomo na wakomee hapo. Na makungwi wetu, ambao wasichana wa Rufiji huwasikiliza kabla hawajamsikiliza nesi yeyote, waalikwe zahanati, wakae na mkunga kwa asubuhi moja, waonyeshwe kanda mbili kutoka kwa mama mmoja: ule wa mkojo wa alfajiri, na ule wa mchana akiwa ameshakunywa maji.